Macho ya Kobe: Siku Sita Yangzhou

Mtoto wa kwanza kupewa kobe wetu alimng'oa jicho kabla baba yake hajamaliza kutia saini fomu. Alikuwa wa miaka miwili hivi, ameketishwa juu ya kaunta ya chama kimoja cha akiba na mikopo pale Tanga, na jicho lile la plastiki lilikwenda moja kwa moja mdomoni. Keshia aliliwahi kwa kidole. Siku hiyohiyo maboksi yote yalifungwa upya, midoli 300 ikarudishwa stoo.

Aliyemchora kobe yule ni mimi. Kazi yangu ni kusanifu nembo, mabango, kalenda, vifungashio vya unga na sabuni. Chama kiliponiita kilitaka mnyama wa nembo, yule ambaye watu wa matangazo humwita maskoti: akae kwenye mabango, na pia ashonwe awe mdoli wa manyoya wa kumpa kila mtoto anayefunguliwa akaunti. Kikao kilianza na sungura. Mzee mmoja wa bodi akauliza, "Sungura wa hadithi zetu si ndiye anayekula shamba la wenzake usiku, asubuhi akamsingizia fisi? Huyo ndiye tumkabidhi hela za watu?" Sungura akaishia hapo. Akabaki kobe, anayekwenda taratibu na kufika, na nyumba yake anayo mgongoni. Mimi nikaongeza kwamba chini ya gamba tuweke mfuko wenye zipu ili awe kibubu. Kobe na kibubu wanafanana tabia, wote wanatunza na hawasemi.

Wazo lilikuwa zuri na bado ni zuri. Tulikosea njia. Nilimtumia wakala picha moja kwa simu, kobe akiangalia mbele, naye akaipeleka kiwandani. Sampuli hatukuiomba, kwa kuwa sampuli ina gharama na siku zake, na mkutano mkuu wa wanachama ulikuwa umekaribia. Walichotuletea ni wanyama wa kijani cha chura, kichwa bapa, macho yametokeza juu, na nembo ya chama imebandikwa kifuani kwa gundi. Nilimlaumu wakala wiki nzima. Kisha nikamlaza mmoja mezani, nikafumua mishono yake kwa wembe, nikavitandaza vipande. Hapo nikaelewa kwamba fundi aliyemkata hakuonyeshwa kobe. Alionyeshwa uso. Ubavu, mgongo na tumbo ilimbidi abuni mwenyewe.

Nikaamua kwamba safari hii nitakwenda nisimame karibu na mkasi.

Mkasi huo uko Yangzhou, mji wa mkoa wa Jiangsu, kaskazini mwa mto Yangtze, pale Mfereji Mkuu wa China unapokutana na mto huo. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Mombasa wanaijua zaidi Guangzhou na Yiwu, na ni kweli kwamba Yiwu utapata mdoli wa kila aina dukani. Ila mtu anayetaka mdoli ambaye hajawahi kuwepo, atakayekatwa kwa mara ya kwanza kwa ajili yake, wenye kazi humwelekeza Yangzhou. Wachina wameuita mji huo makao makuu ya midoli ya manyoya.

Nilishuka Shanghai, nikapanda treni ya kasi hadi Nanjing kumpitia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesoma uhandisi huko. Alinisubiri nje ya stesheni amevaa koti zito, mikono mfukoni.

"Shikamoo mjomba. Umekuja naye?"

"Marahaba. Nimekuja na yule mbovu. Mzuri ndiye tunayemfuata."

Tukapanda basi. Njia nzima alinieleza habari za mitihani na baridi, na jinsi alivyojifunza kupika maharage kwa nazi ya kopo. Mimi nilikuwa nimepakata begi lenye vitu vinne: mdoli aliyeharibika, michoro ya kobe mpya kutoka pande nne na juu, kipande cha kitambaa cha rangi niliyoitaka, na kobe mdogo niliyemfinyanga kwa udongo, ukubwa wa nazi iliyofuliwa.

Yangzhou ni mji unaojisifia visu. Wenyewe wanasema wana visu vitatu: cha mpishi, cha kinyozi, na cha fundi wa kusafisha nyayo. Nilipokisikia kile cha tatu nilidhani mpwa wangu amekosea tafsiri, lakini hakukosea. Ufundi wa kupara nyayo umeheshimiwa hapo kwa vizazi. Wana pia ufundi wa kukata karatasi kwa mkasi mpaka itoe maua ya krisanthemu yenye petali nyembamba kama unywele. Nilisimama kwenye kibanda cha mzee mmoja anayefanya kazi hiyo, nikatazama karatasi inavyozunguka huku mkasi umetulia. Mkono wa mkasi haukwenda popote. Karatasi ndiyo iliyokuwa ikitembea. Nilikuja kuuona mwendo huohuo tena siku chache baadaye.

Soko lenyewe linaitwa Wutinglong, nalo ni la midoli na zawadi peke yake. Usitegemee makelele ya Kariakoo. Ni maduka baada ya maduka, sakafu safi, na kila duka limejaa mifuko ya plastiki angavu iliyofyonzwa hewa, ndani yake dubu wamebanwa hadi wakawa bapa kama chapati. Ukiufungua mfuko wanavuta pumzi. Hewa inanuka kitambaa kipya. Nilipita kwenye safu ya twiga nikasimama muda mrefu, kwanza kwa sababu twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, na pili kwa sababu karibu kila twiga dukani mle shingo yake ilikuwa imelegea. Shingo ndefu ya kitambaa ni mtihani. Ukiijaza kidogo inaanguka, ukiijaza sana inakuwa rungu, na waya hauwezi kuutia kwenye mdoli wa mtoto. Aliyeiweza alikuwa mmoja tu: alikata shingo pana chini na nyembamba juu, akapeleka mshono mmoja nyuma kama uti wa mgongo. Nikamwambia mpwa wangu amuulize mwenye duka ni nani aliyemkata twiga yule.

Hivyo ndivyo tulivyompata mama fundi.

Karakana yao ilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya kawaida nje kidogo ya mji, yenye cherehani kama ishirini na madirisha makubwa. Mwenye karakana ni kijana, lakini meza ya pembeni kabisa, karibu na mwanga, ni ya mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Mpwa wangu alimwita *ayi*, yaani mama mdogo, ndivyo kijana wa Kichina anavyomwita mwanamke wa umri wa mama yake. Nami nikamwita hivyohivyo siku zote sita.

Alimpokea yule mdoli wetu mbovu kwa mikono miwili. Hakumcheka. Alimbonyeza tumbo kwa vidole gumba, akamkunjua mshono wa ubavuni, akautazama kwa karibu, kisha akasema sentensi mbili ambazo mpwa wangu alizitafsiri taratibu: "Huyu ameshonwa vizuri. Hakukatwa vizuri."

Nadhani mwanya kati ya sentensi hizo mbili ndipo fedha nyingi za makampuni yetu zinapopotelea. Tunapoagiza kitu cha kushonwa, tunauliza bei ya kushona. Mdoli wa manyoya huzaliwa kabla ya cherehani, kwenye karatasi, na mtu anayeitengeneza pateni, ile karatasi ya kukatia kitambaa, ndiye mwandishi wake. Mchoro wangu ulikuwa ni maombi tu.

Ayi hakuanza na michoro, alianza na kobe wa udongo. Alimzungushia plastiki nyembamba ya kufungia vyakula, juu yake akabandika utepe wa karatasi tabaka kwa tabaka mpaka mwili wote ukafunikwa. Akachukua kalamu, akachora mistari juu ya utepe: hapa mshono utapita, hapa manyoya yataelekea nyuma, hapa kulia na kushoto vikutane. Halafu akakata kwa kufuata mistari na kuvibandua vipande kutoka kwenye udongo, akavilaza mezani. Vile vya miguu vililala bapa. Vya gamba vilikataa. Vilibaki vimebinuka kama maganda ya chungwa.

Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa habari hiyo zaidi. Machungwa ya Muheza tumeyamenya tangu utoto, tunajua ganda la duara halilali mezani mpaka ulichane pembeni. Ayi alichana. Kila mchano ukageuka kuwa dati, sawa na zile za kiunoni mwa gauni, na idadi ya dati ndiyo inayoamua gamba litakuwa duara au kama paa la bati. Alianza na nane. Akazipunguza zikawa sita, akashona gamba la majaribio kwa kitambaa chakavu, akaligeuza, akalijaza, akalitupa. Akafanya tena. La tatu lilipogeuzwa upande wa nje nilimwona kobe kwa mara ya kwanza, ingawa hakuwa na kichwa.

Nilitaka magamba madogo 13 mgongoni, kwa kuwa kobe halisi ana vigae vikubwa 13 katikati ya mgongo wake, vitano vya kati na vinne kila upande. Nilishikilia sana. Ayi aliniuliza mdoli ana urefu gani. Sentimita 25. Akachora vigae 13 juu ya gamba lile, akaliweka kwenye kiti, akanipeleka mwisho wa chumba, akanigeuza nitazame. Niliona wavu. Akafuta, akachora saba. Niliona kobe. Tena tarizi hulipiwa kwa idadi ya mishono ya sindano, hivyo kila kigae kilichofutwa kilipunguza bei ya mdoli mmoja mmoja. Ila sikukubali kwa sababu ya bei. Nilikubali kwa sababu mtoto wa Tanga atamwona kobe huyu akiwa mwisho wa chumba, mikononi mwa mtoto mwingine, naye lazima amtambue.

Habari za kitambaa zinataka uvumilivu. Plashi ni ndugu wa mahameli: ina manyoya yaliyolala upande mmoja, na ukiipapasa kinyume rangi inabadilika mbele ya macho yako. Kipande kilekile kinaweza kuwa kijani cha majani makavu kikielekezwa chini, na kikawa karibu na cheusi kikielekezwa juu. Ndiyo maana kila kipande cha pateni huwa na mshale. Fundi mvivu huvipanga vipande kichwa chini miguu juu ili kuokoa kitambaa, na mdoli wake huonekana kama ameshonwa kwa rangi mbili. Nilipoona hivyo nikakumbuka midoli yetu 300, baadhi yao wana ubavu mmoja mweusi, na sisi tulidhani ni uchafu wa melini. Kuhusu rangi yenyewe, kile kipande cha kitambaa nilichobeba kiliokoa siku nzima. Kioo cha simu kinatoa mwanga, kitambaa kinaupokea. Rangi iliyochaguliwa kwenye simu haiwezi kufanana na rangi iliyoko mkononi. Ayi alileta bango la vipande mia na kitu vya plashi, akaviweka kimoja kimoja karibu na changu dirishani, mpaka kimoja kikapotea ndani ya kingine.

Siku ya tatu tukafika kwenye macho.

Baada ya kisa cha kaunta nilikuwa nimeapa kwamba hakuna kitu kigumu kitakachowekwa usoni mwa kobe yule. Kiwango cha Ulaya cha usalama wa vichezeo, EN 71, kinataka jicho la plastiki livutwe kwa nguvu ya nyutoni 90, sawa na kulining'inizia mzigo wa kilo tisa hivi, lisitoke. Jicho likifungwa vizuri kwa pete yake ya nyuma linaweza kuhimili. Lakini mimi nilitaka la kutarizi, la uzi, ambalo halina cha kung'oka. Shida ni kwamba tarizi hufanywa kwenye kitambaa kikiwa bado bapa, kabla kichwa hakijashonwa. Ukishashona na kujaza, jicho limekaa pale lilipo maisha yote. Kwa hiyo lazima ujue mahali pake kabla ya kuwa na uso.

Ayi alishona kichwa cha majaribio kisicho na macho, akakijaza, akakiweka mbele yangu. Kisha akachomoa pini mbili zenye vichwa vyeusi.

Alizichomeka juu, karibu na utosi. Yule chura akarudi. Alizishusha kidogo na kuzisogeza pembeni, kichwa kikawa cha mtoto mchanga. Alizisogeza ndani, kikawa cha mtu mwenye hila. Kila sura ilibadilika kwa upana wa punje ya mchele. Chumba kizima kilikuwa kinaendelea na kazi, cherehani zinanguruma, na sisi watatu tumeinama juu ya kichwa cha kitambaa kana kwamba kinataka kusema.

Mwaka 1943 mwanasayansi wa Austria, Konrad Lorenz, aliandika kwamba binadamu huvutwa kulea kiumbe chochote chenye paji kubwa, macho makubwa yaliyokaa chini ya nusu ya uso, na mashavu ya mviringo. Watengeneza midoli wameishi kwa kanuni hiyo, wengine bila kuisoma. Hata Kumamon, yule dubu mweusi wa mkoa wa Kumamoto, Japani, aliyebuniwa mwaka 2010 kwa ajili ya kuipokea reli ya kasi iliyofika Kumamoto mwaka uliofuata, nguvu yake iko kwenye macho yale meupe ya mshangao na mashavu mawili mekundu. Mkoa uliruhusu makampuni kutumia picha yake bila ada kwa kibali, na leo yuko kwenye mifuko ya mchele, maboksi ya nyanya na mabasi. Unamtambua ukiwa ng'ambo ya barabara. Hana nembo kifuani.

Mimi sikutaka mtoto mchanga. Kobe wetu anatunza hela. Sharti awe na umri. Lakini mzee mwenye macho madogo ya juu anamtisha mtoto. Nilimweleza mpwa wangu, akamweleza ayi, maneno yakawa mengi, mwisho nikamwomba amwambie hivi tu: "Ni babu, lakini ni babu anayekuona unaingia mlangoni." Ayi alivua miwani. Akayaacha macho pale pa chini, pa mtoto, halafu akakata vipande viwili vya plashi mfano wa mwezi mchanga, akavipachika juu ya pini kama kope zilizoshuka nusu.

Mpwa wangu alisema, "Mjomba, huyu ni babu Tanga." Alimkusudia baba yangu. Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa nimeona hivyohivyo.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Tulikwenda kuswali msikiti wa Xianhe, maana yake korongo, ulio ndani ya mji wa kale. Unasemekana kujengwa mwaka 1275 na Puhaddin, mwalimu aliyetoka Uarabuni, ambaye kaburi lake liko kwenye kilima kidogo kando ya mfereji wa zamani mashariki mwa mji, nasi tulilizuru jioni. Mapaa ya msikiti yamepinda ncha kwa mtindo wa Kichina, na kuna mti mkongwe wa gingko uani. Mzee mmoja wa pale alitueleza kwamba jengo lote limepangwa kwa umbo la korongo: lango ni kichwa, ujia ni shingo, ukumbi wa swala ni mwili, vyumba vya pembeni ni mabawa. Na visima viwili ni macho. Nilikwenda kuvitazama visima vile. Watu waliozaliwa miaka 700 kabla yangu walijenga nyumba ya ibada, na walipofikiria ndege, walijua hatakamilika bila macho.

Jumamosi tulirudi karakanani kwa kazi ya kujaza. Mashine ya kujaza ni sanduku kubwa lenye dirisha la kioo, nyuzi za polista zinapeperuka ndani yake kama theluji, na bomba moja linatoka nje. Mfanyakazi anavika mdoli kwenye bomba, anakanyaga pedali, mdoli anavimba. Inaonekana kazi nyepesi. Lakini kila sehemu ina uzito wake ulioandikwa ukutani kwa gramu: miguu ijazwe sana ili isimame, shingo ijazwe kuliko kichwa, tumbo liachwe legevu ili mtoto alale juu yake. Nilimweleza ayi kuhusu msufi, mti wetu wenye maganda yanayopasuka na kutoa sufi laini, na kwamba mito ya bibi zetu wa pwani imejazwa kwayo. Aliijua. Alisema zamani ilijazwa ndani ya midoli pia, ila ikilowa hujikusanya mabonge. Ni kweli, kila aliyewahi kuanika mto wa sufi anajua.

Pembeni mwa cherehani yake kulikuwa na mto mdogo wa kuchomekea sindano, kipande cha kitambaa chekundu kilichojazwa, kimechakaa. Ukiangalia vizuri, sehemu kubwa ya kazi hii duniani ilianzia kwenye kitu kama kile. Mwaka 1880, katika mji mdogo wa Giengen, Ujerumani, mshonaji aitwaye Margarete Steiff alishona mito midogo ya sindano yenye umbo la tembo. Alikuwa amepooza miguu kwa polio tangu utotoni, mkono wa kulia nao dhaifu, akiendesha cherehani yake akiwa ameigeuza nyuma mbele. Tembo wale watoto waliwachukua wakawachezea, na sindano zikakosa pa kukaa. Miaka 22 baadaye mtoto wa kaka yake, Richard, alibuni dubu mwenye viungo vinavyogeuka. Mwaka 1903, kwenye maonyesho ya Leipzig, mnunuzi wa Marekani aliagiza 3,000. Mwaka 1904 wakaanza kuweka kifungo cha chuma sikioni mwa kila mnyama ili asighushiwe. Tazama walivyofanya: alama ya kampuni ni kitu kidogo pembeni mwa mwili, na dubu amebaki dubu. Wajapani walipotaka Kumamon wa heshima mwaka 2013, ni kampuni hiyohiyo iliyomshona, 1,500 tu.

Nilichukua somo hilo. Nembo ya chama tuliitoa kifuani. Iko kwenye lebo ndogo ya kitambaa iliyoshonewa ndani ya mshono wa gamba, na rangi ya chama ni ule ukingo wa njano unaozunguka gamba lote. Mwenye karakana alishangaa, kwa kuwa wateja wengi humwambia akuze nembo. Nilimwambia mtoto hakumbatii nembo.

Mfuko wa kibubu ulitupa kazi mpaka jioni. Tulipoweka sarafu za shilingi mia mbili na mia tano nilizobeba, kobe alilalia tumbo. Ayi aliuhamisha mfuko kutoka nyuma ukaja katikati, juu kabisa ya miguu, akautia bitana ya kitambaa kigumu cha pamba ili sarafu zisitoboe, na zipu akaificha chini ya ukingo wa njano. Sampuli ya mwisho ikapitishwa kwenye mashine ya kusaka sindano, maana sindano ya cherehani huvunjika na ncha yake ikabaki ndani. Mashine ilinyamaza. Nikamshika kobe, nikamvuta kope kwa nguvu zangu zote, nikamvuta mkia, miguu, kichwa. Wasichana wa cherehani waliacha kazi wakatazama mtu mzima anavyomtesa mnyama wake. Hakutoka uzi.

Tuliagiza 500. Gharama ya meli huhesabiwa kwa nafasi, na mdoli ni mwepesi lakini anakula nafasi, kwa hiyo nilikubali wafyonzwe hewa, kwa sharti kwamba vichwa visikunjwe. Kisha nikaomba jambo ambalo mpwa wangu alisita kulitafsiri. Nilitaka nakala ya pateni.

Kwa kawaida karakana hubaki nayo. Ndiyo inayomrudisha mteja. Mwenye karakana alitaja bei, tukashindana bei kidogo, nikalipa, na nilitoa kwa moyo mmoja kuliko senti nyingine yoyote ya safari ile. Ayi alikaa saa nzima akinakili kwenye karatasi ngumu mpya: vipande 12, ambavyo vikikatwa kulia na kushoto hutoa vipande 24 vya kitambaa. Kila kimoja alikitia mshale wa manyoya, alama za kukutanisha, na matundu mawili madogo kwenye kipande cha uso. Matundu hayo aliyatoboa kwa pini zile zile zenye vichwa vyeusi, kisha akanipa pini zenyewe. Karatasi ilizunguka, mkasi ulitulia.

Kobe 500 walifika bandarini Tanga, wakagawiwa. Stoo ya chama wamebaki vyura wale wa kwanza, hawana macho; tuliyang'oa wenyewe.

Nikiwatazama mafundi wa mjini kwetu, wanaoshona suti ya mwanamume kwa siku mbili na gauni la bibi harusi lenye dati thelathini, sioni kitu cha ayi wasichokiweza kwa mikono. Kitambaa cha plashi tutaendelea kukiagiza kwa sasa. Uzi upo, cherehani zipo, watoto wapo, na vyama, shule na timu zinazotaka mnyama wao ziko nyingi kuliko midoli wanayoagiza. Kilichokuwa kinakosekana ni kuona jinsi duara linavyokatwa likiwa bapa.

Vipande vile 12 vimetundikwa kwenye msumari karakanani kwangu, pini mbili zimechomekwa juu yake. Jumamosi mchana mlango uko wazi. Fundi anayetaka kunakili na kujaribu asilete fedha, aje na mkasi wake.